Hadithi Fupi ya Marekani Baada ya 1945: Kutoka Sebuleni Hadi Darasani

Wanaoandika historia ya hadithi fupi ya Marekani baada ya Vita Kuu vya Pili aghalabu huanza na nafsi ya mwandishi: hofu ya bomu la atomiki, upweke wa mitaa mipya ya pembezoni mwa miji, kudhoofika kwa imani ya dini. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana upungufu mmoja mkubwa. Hayasemi ni nani aliyekuwa akizinunua hadithi zenyewe. Fani hii, kuliko riwaya, iliishi kwa fadhila ya majarida. Na majarida yalipoanza kufa, ilibidi itafute mlezi mwingine. Mengi yanayodhaniwa kuwa mageuzi ya falsafa yalikuwa, kwa asili yake, mabadiliko ya makao.

Mnamo 1929 jarida la Saturday Evening Post lilimlipa F. Scott Fitzgerald dola 4,000 kwa hadithi moja, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida hakukipata kwa mwaka mzima. Fedha hizo hazikutoka katika mapenzi ya fasihi. Wauzaji wa magari na sabuni walilipia matangazo, mchapishaji akamlipa mwandishi, na familia ikasoma hadithi sebuleni baada ya chakula cha jioni. Kamba hiyo ilikatwa na televisheni. Mwaka 1950 nyumba zilizokuwa na chombo hicho hazikufika moja katika kila kumi. Kufikia 1960 zilikuwa karibu tisa. Matangazo yakahama, na hadithi zikabaki bila mlipaji. Collier's lilifungwa mwanzoni mwa 1957, na Saturday Evening Post likafuata mwaka 1969, ingawa jina lake lilifufuliwa baadaye.

Uzito wa hasara hiyo unaonekana katika tukio moja. Tarehe 26 Juni 1948 jarida la New Yorker lilitoa "The Lottery" ya Shirley Jackson, hadithi ya kijiji chenye amani ambacho kila mwaka hupiga kura na kumuua kwa mawe yule iliyemwangukia. Barua zaidi ya 300 zilimfikia mwandishi msimu ule, nyingi za hasira na mshangao. Na wapo waliouliza mahali sherehe hiyo ilikofanyika ili waende kuitazama. Msimulizi wa Kiswahili hasemi neno la pili mpaka "paukwa" yake imejibiwa "pakawa". Jackson alijibiwa, tena kwa ukali, na watu ambao hawakuwa wahakiki wala wanafunzi.

New Yorker lenyewe halikufa, na humo John Cheever aliweza kuendelea kuwachunguza watu wa tabaka la kati na majuto yao, mpaka mkusanyiko wake wa 1978 ukapata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Lakini jarida moja haliwezi kulisha kizazi kizima cha waandishi.

Mlezi mpya alikuwa chuo kikuu. Sheria ya 1944 ya kuwasaidia askari waliorejea vitani iliwapeleka zaidi ya milioni mbili vyuoni, na baadhi yao walitaka kuandika. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, ambako warsha ya uandishi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1936, Paul Engle aliwafundisha ndani ya mabanda ya kijeshi yaliyobaki baada ya vita, huku akiwabembeleza matajiri wa jimbo lake watoe ruzuku. Utaratibu wa warsha ulikuwa rahisi: hadithi inanakiliwa, wenzake mwandishi wanaisoma, kisha wanaijadili mbele yake naye amenyamaza. Riwaya haitoshei katika saa za namna hiyo; hadithi ya kurasa kumi na tano inatoshea barabara. Hivyo fani iliyopoteza soko ikapata darasa, na darasa likaipa tabia zake: uangalifu wa sentensi, uchache wa maelezo, na woga wa kusema waziwazi jambo ambalo mwanafunzi mwenzako atalicheka.

Isidhaniwe kwamba matunda yalikuwa hafifu. Flannery O'Connor alihitimu Iowa mwaka 1947, akarudi Georgia, na kabla ya kufariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 39 aliandika hadithi ambazo hakuna warsha iliyoweza kuzifunza, kwa maana ukali wake ulitoka katika imani yake ya Kikatoliki. James Alan McPherson, aliyewahi kuwa mhudumu katika mabehewa ya chakula ya reli, aliwaandika wahudumu Weusi wa kazi hiyo kwa heshima ya mtu aliyebeba sinia mwenyewe. Naye pia alipitia Iowa, na mwaka 1978 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Pulitzer ya fasihi ya kubuni. Hata hivyo, tangu awali waandishi wengi Weusi hawakufunguliwa mlango wa sebule zile. "Sonny's Blues" ya James Baldwin ilitoka mwaka 1957 katika Partisan Review, jarida la wasomi wachache. Kwao makao ya kale hayakuwa ya kuliliwa sana.

Michezo ya lugha ya miaka ya sitini, ya Barth na Barthelme, haihitaji kurefushwa hapa. Ni fasihi iliyojua kwamba inasomwa na wajuzi.

Suala la Raymond Carver ni zito zaidi. Mwana huyu wa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao alisoma kwa John Gardner huko Chico, kisha Iowa kwa muda mfupi. Mkusanyiko wake wa 1981, What We Talk About When We Talk About Love, ulisifiwa kwa ufupi mkavu uliokaribia ukimya, na vijana kote nchini wakauiga. Lakini kalamu iliyoleta ukimya ule ilikuwa ya mhariri wake, Gordon Lish, aliyekata zaidi ya nusu ya maneno ya mswada. Julai 1980 Carver alimwandikia akimsihi asimamishe uchapishaji. Kitabu kikatoka vivyo hivyo.

Katika mswada, wazazi waliofiwa na mtoto wao wanakwenda usiku kwa mwokaji aliyekuwa akiwasumbua kwa simu kuhusu keki ya siku ya kuzaliwa. Anawaomba radhi, anawapa mikate ya moto, nao wanakula wakizungumza mpaka kunakucha. Katika toleo la Lish, simu inalia na hadithi inakoma. Huruma yote imefutwa, na ufutaji huo ndio ulioitwa mtindo wa zama. Lau Carver angekuwa na soko kama la Fitzgerald, yamkini angeweza kukataa. Lakini alikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake alikuwa nao Lish. Mkataji alikuwa na kipaji, hilo halikanushiki, lakini wahakiki waliojenga nadharia juu ya moyo wa Carver walikuwa wakisoma mkasi wa mtu mwingine.

Carver alipopata nguvu ya jina aliirudisha hadithi hiyo kwa urefu wake katika Cathedral, mwaka 1983, akafariki mwaka 1988. Mswada wa awali ulichapishwa mwaka 2009 kwa jina la Beginners, na juzuu ya Library of America iliyotoka mwaka huohuo ikaweka maandiko yote mawili ndani ya jalada moja: lile la Carver, na lile lililopita mikononi mwa Lish.