Kina kikikatwa, maana hujificha wapi?

Wiki chache zilizopita mwalimu mmoja wa Kiingereza, msomaji wa siku nyingi wa safu hii, alinitumia swali. Alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake filamu ya Waingereza. Mzee mmoja mle ndani akamwambia mwenzake, kidole kikielekea dirishani, 'Have a butcher's.' Wanafunzi wakamgeukia mwalimu. 'Butcher' ni mwuza nyama, hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Sasa dirishani kuna bucha gani?

Hakuna bucha. Mzee alikuwa anamwambia mwenzake atazame. 'Butcher's hook' ni kulabu ya kutundikia nyama, na 'hook' ina kina kimoja na 'look', yaani kutazama. Basi 'butcher's hook' ikasimama badala ya 'look'. Kisha ile 'hook' yenyewe, iliyobeba kina, ikaangushwa njiani. Kilichobaki mdomoni ni mwuza nyama, ambaye hana uhusiano wowote na kutazama. Hii ndiyo misimu ya vina ya Cockney, watu wa mashariki mwa London, na mimi naihesabu miongoni mwa mambo ya werevu mkubwa yaliyowahi kufanyiwa Kiingereza na watu wa mitaani.

Hebu kwanza tuseme neno kuhusu kina, maana hapa ndipo wengi hutatizika. Sisi tuliolelewa na tarbia na utenzi, kina kwetu ni silabi ya mwisho. 'Mkono' na 'mkutano' zinafungamana kwa 'no', na malenga hadaiwi zaidi. Mwingereza hakubali. Yeye huhesabu kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, kwa hiyo angetaka 'mkono' na 'mgono', ule mtego wa samaki. Tena yeye husikiliza, hatazami maandishi. 'Pears', matunda, ina kina na 'stairs', ngazi, ijapokuwa tahajia zake zimeachana. Lakini haina kina na 'ears', masikio, ingawa ukiziona karatasini utadhani ni pacha. Ndiyo maana ngazi huko mashariki mwa London ziliitwa 'apples and pears', matofaa na mapeasi.

Ukishaelewa mtambo huo, mengine yanafunguka. Kichwa ni 'loaf of bread', mkate mzima, kwa kuwa 'bread' inaitikia 'head'. Ndipo ukamsikia Mwingereza akimwambia mwanawe 'use your loaf', atumie mkate wake, maana yake afikiri. Rafiki, 'mate', ni 'china plate', sahani ya kaure, na siku hizi ni 'china' tu. Nywele, 'hair', ni 'Barnet Fair', mnada maarufu wa farasi uliofanyika kaskazini mwa London. Sahani ikabaki china, na mnada ukabaki 'barnet'. Na mtu mwenye domo refu huambiwa ana-'rabbit'. Nimewahi kusikia mtu akieleza kwa uhakika kabisa kwamba ni kwa sababu sungura hutafunatafuna bila kukoma. La hasha. Ni 'rabbit and pork', nyama ya sungura na nyama ya nguruwe, badala ya 'talk', kuzungumza.

Msomaji makini atapinga: 'pork' na 'talk' zina kina gani? Zinacho, ukiwa London, ambako 'r' ya 'pork' haitamkwi. Mskoti anayeitamka 'r' yake barabara hawezi kuubuni msimu huo. Kadhalika farasi, 'horse', aliitwa 'Charing Cross', jina la makutano ya barabara katikati ya jiji. Kina hicho kilikubali zamani, wakati watu wa London walipovuta irabu ya 'Cross' ikasikika kama ya 'horse'. Leo hakikubali tena. Kwa sisi tunaochunguza historia ya lugha, misimu hii ni kama kinasa sauti kilichoachwa mezani katika karne ya 19: sarufi za enzi hizo zinatuambia jinsi watu walivyotakiwa kutamka, vina vya wachuuzi vinatuambia walivyotamka.

Jina Cockney lenyewe lilianza kama dharau. Katika Kiingereza cha kale kidogo lilimaanisha yai la jogoo, yaani yai bovu lisilo na umbo, kisha mtoto aliyeendekezwa, kisha mtu wa mjini asiyejua kushika jembe. Mwaka 1617 mtunzi wa kamusi John Minsheu aliandika kuwa Cockney ni mtu aliyezaliwa mahali ambapo kengele za Bow zinasikika, nazo ni kengele za kanisa la St Mary-le-Bow, mtaa wa Cheapside. Mabomu ya Wajerumani yaliliteketeza kanisa hilo Mei 1941, na kengele hazikulia tena hadi 1961. Tukiifuata kanuni ya Minsheu neno kwa neno, basi kwa miaka 20 hakuzaliwa Cockney hata mmoja!

Misimu ya vina ilianza lini? Hapa tuna shahidi mzuri. Mwaka 1859 mchapishaji mmoja wa London, John Camden Hotten, alitoa kamusi ya misimu bila kuweka jina lake. Humo akatenga orodha ya misimu ya vina, na akaeleza kwamba ilikuwa imeingia kama miaka 12 au 15 kabla ya hapo. Hiyo inatupeleka miaka ya 1840. Aliitaja kuwa lugha ya watu wa Seven Dials, mtaa wa makabwela, na hasa ya wale waliozunguka barabarani wakiuza karatasi za nyimbo na za habari za mauaji, huku wakiimba na kupayuka ili wapate wanunuzi.

Mara nyingi utasoma kwamba misimu hii ni ya wezi, kwamba ilibuniwa ili polisi wasielewe, kwani jeshi la polisi la London liliundwa na Robert Peel mwaka 1829 na wahalifu wakahitaji kichaka cha kujifichia. Maelezo haya yanapendeza, lakini mimi hayanikai. Mwizi anayetaka kujificha hataki maneno yanayochekesha. Ushahidi wa Hotten unaelekeza kwa watu ambao riziki yao ilikuwa kina: asubuhi mpaka jioni walikuwa wakiuza mashairi. Mtu wa namna hiyo akienda kunywa jioni, ulimi wake hauachi kutafuta kina. Usiri upo, sikatai. Ila upo kama chumvi, si kama chakula chenyewe.

Wenye usiri hasa walikuwa jirani zao, wachuuzi wa matunda na samaki wa mkokoteni. Hao Henry Mayhew aliwahoji mwishoni mwa miaka ya 1840, na mazungumzo yao yamo katika kitabu chake cha 1851 kuhusu maskini wa London. Wao hawakutumia vina bali waligeuza maneno nyuma mbele: 'penny', senti yao, ikawa 'yenep', 'boy', mvulana, akawa 'yob'. Hilo la mwisho liko hai mpaka leo, likimaanisha kijana mtukutu.

Waswahili hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Kinyume tunakijua: nyumba inakuwa 'mbanyu', kitu kinakuwa 'tuki'. Askofu Edward Steere, aliyeishi Unguja karne hiyohiyo ya 19, alitia mifano ya Kinyume nyuma ya kitabu chake cha kufunzia Kiswahili. Lakini tazama tofauti. Mchuuzi wa London aligeuza herufi, nasi twageuza silabi, kwa sababu silabi za Kiswahili huishia kwa irabu na ukizihamisha bado zinatamkika. Kiingereza, chenye konsonanti zilizosongamana mwishoni, kikigeuzwa hukwama kooni, ndipo wakalazimika kuchomeka irabu hapa na pale.

Turudi kwa vina. Maneno haya hayakuokotwa tu mradi yaitikiane. Mke, 'wife', ni 'trouble and strife', matata na ugomvi. Watoto, 'kids', ni 'God forbids', yaani Mungu apishe mbali. Fedha, 'money', ni 'bees and honey', nyuki na asali, na anayejua nyuki anajua kwamba asali haiji bila kuumwa. Mwizi, 'thief', ni 'tea leaf', jani la chai. Kuna ukumbi mzima wa vichekesho humo, na si vyote vya kufurahisha. Mabibi wa East End hawakuulizwa kama wanapenda kuitwa matata na ugomvi. Hata hivyo chumba kimoja chenye watoto saba na mvua inayovuja kinasikika ndani ya lile 'God forbids' kuliko katika ripoti nyingi za serikali.

Sasa nifike kwenye kile kinachonishughulisha zaidi. Neno likishapoteza nusu yake yenye kina, linaweza kusafiri likiwa limevaa nguo za heshima, na anayelitumia asijue amebeba nini. Watu husema wako 'on their tod' wakimaanisha wako peke yao. Tod ni Tod Sloan, mwendesha farasi wa mashindano kutoka Marekani aliyevuma Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. 'Sloan' ilitoa kina kwa 'own'. Alifariki mwaka 1933, na wanaomtaja kila siku hawajui kama alikuwa mtu. Hilo halina madhara.

Lakini kuna 'raspberry'. Ni tunda dogo jekundu, na pia ni ile sauti ya dharau inayotolewa kwa kubana ulimi kati ya midomo na kupuliza. Kwa nini tunda? Kwa sababu ya 'raspberry tart', kitobosha chake, ambacho kina chake, samahani, ni neno la Kiingereza la kujamba. Tangu 1981 Marekani hutolewa tuzo ya Golden Raspberry kwa filamu mbovu kupita zote za mwaka, na majina ya washindi hutangazwa bila mtu kuona haya.

Kuna pia 'berk'. Waingereza wenye adabu zao husema fulani ni 'berk', yaani mjinga kidogo, mpumbavu asiye na ubaya. Walimu husema. Wazee wa kanisa husema. Asili yake ni Berkeley Hunt, kundi la wawindaji wa mbweha huko Gloucestershire, na neno linaloitikiana na 'Hunt' ni tusi zito la Kiingereza linalotaja maumbile ya mwanamke. Siliandiki hapa, gazeti hili linaingia nyumbani. Mwenye heshima yake aliyelitamka jana mezani hakutukana, maana nia hakuwa nayo. Je, neno lilitukana? Nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu wa uzamili swali hili kwa miaka, nao hugawanyika nusu kwa nusu. Msimamo wangu ni kwamba maana iko kwa wanaoongea leo, haiko kaburini. Lakini nisingependa mwanafunzi wangu alitumie katika usaili wa kazi kule London, akakutana na mzee mmoja anayekumbuka.

Wazee hao wanapungua. Baada ya vita vya pili familia nyingi za East End zilihamia Essex na miji mipya, na katika mitaa waliyoiacha wakakaa watu kutoka Bangladesh, visiwa vya Karibea na Afrika, ambao watoto wao wamejiundia Kiingereza chao. Mwaka 2010 mwanaisimu Paul Kerswill alikadiria kwamba lahaja ya Cockney ingetoweka London kwenyewe katika kipindi cha miaka 30 hivi. Mwaka mmoja kabla ya hapo mashine kadhaa za kutolea pesa mashariki mwa jiji ziliwekewa lugha ya Cockney. Aliyeichagua aliombwa aingize 'Huckleberry Finn' yake, yaani PIN, ndipo apewe 'sausage and mash', soseji na viazi vya kuponda, badala ya 'cash'. Watalii walifurahi. Lugha ikishaanza kuwekwa kwa ajili ya watalii, mimi huanza kuwa na wasiwasi nayo.

Ila mtambo wenyewe haujafa, umehamia kwa watu wengine. Wali na mchuzi wa Kihindi, 'curry', huitwa 'ruby', kutoka kwa Ruby Murray, mwimbaji wa Belfast ambaye mwaka 1955 alikuwa na nyimbo tano kwa mpigo kwenye orodha ya nyimbo 20 bora za Uingereza. Na katika vyuo vikuu vya huko, mwanafunzi aliyepata shahada ya daraja la pili sehemu ya chini, ambayo wao huiita 'two-two', atakwambia amepata 'Desmond'. Ni Desmond Tutu, Askofu Mkuu wa Cape Town, ambaye mwenyewe alisomea theolojia King's College, London, miaka ya 1960. Tutu alifariki Desemba 2021. Wanaohitimu kwa 'Desmond' wanaendelea kutoka kila Julai.