Dawa Katika Chumba cha Wageni

Sisi tunaokaa Ghubra, jirani na Hospitali ya Royal, ukimwi wa watoto tunauona kama habari ya mbali. Mgonjwa wa kwanza hapa Oman aliripotiwa mwaka 1984. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Oman imekomesha maambukizo ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ya kwanza katika kanda yake. Lakini familia zetu ziko huku na ziko kwetu pia, na kule kwetu wapo watoto waliozaliwa na virusi.

Mpaka mwaka 2001 dawa zilikuwa za matajiri. Mwaka huo kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuyauzia mashirika ya misaada kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, dawa zilizokuwa zikigharimu dola 10,000 na zaidi. Tanzania Bara ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, na Zanzibar, kwenye hospitali ya Mnazi Mmoja, ikafuata mwaka 2005. Tulishukuru. Ila dawa zile zilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Mtoto alikatiwa kidonge kwa kisu, nusu au robo, na kikimegeka vibaya basi dozi ya leo siyo ya jana.

Ilikuwapo dawa ya maji ya lopinavir na ritonavir. Chungu mno, tena asilimia 42 yake ni alkoholi (Waislamu sisi, bibi akiuliza umjibu nini?), na katika joto letu ilihitaji friji. Mwaka 2015 zikaidhinishwa punje ndogo za kutia kwenye uji, na Kenya na Uganda zikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuzitumia. Uchungu haukwisha. Afueni ya kweli ilikuja mwishoni mwa mwaka 2020, ilipoidhinishwa dolutegravir ya watoto: kidonge kinachoyeyuka katika maji, chenye ladha ya stroberi, na pamoja na dawa mbili zinazofuatana nacho bei haifiki dola 120 kwa mwaka.

Kwa hiyo wanaosema watoto wale ni wakaidi wa dawa wangeonja kwanza.

Lakini ladha haitoi siri, na siri hiyo sisi tuna mkono ndani yake. Mwaka 2004 makao ya Nyumbani ya Nairobi, aliyoyaanzisha Padri Angelo D'Agostino mwaka 1992, yalilazimika kwenda mahakamani ili watoto wake wapokewe katika skuli za serikali. Huku Ghuba mgeni anayeomba ukaazi hupimwa damu, na akikutwa na virusi hurudishwa kwao. Familia yenye kijana anayesubiri viza haitaki maradhi yatajwe nyumbani kabisa, hata yakiwa ya mtoto ambaye hajaomba viza yoyote.

Mwaka mmoja tulikwenda Unguja kwa Idi. Tulipewa chumba kizuri, chenye kabati la kufuli na feni. Mjukuu wa nyumba, wa miaka 11, alikuwa akipita mlangoni kila jioni baada ya Isha, anasimama kidogo, kisha anaondoka. Tukadhani anataka peremende, tukampa. Siku ya tano bibi yake akatuvuta pembeni, macho chini, akatuomba ruhusa ya kufungua kabati. Dawa zilikuwa mle, nyuma ya mashuka. Alichelea kutugongea tukiwa tumejilaza na safari, na mtoto mwenyewe alikuwa ameambiwa ni dawa za kifua, zisionwe na wageni.

Siku nne. Kliniki ilimpima tena damu, na tuliondoka kabla majibu hayajatoka.

Mwaka uliofuata tuliandikiana nao kabla ya safari, tukaomba tulale ukumbini. Bibi hakupenda, alisema tutamwaibisha mbele ya majirani. Tukalala ukumbini.