Vita vya Maji Maji katika Ubena

Vita vya Maji Maji katika Ubena ni mapambano ya Wabena dhidi ya utawala wa Wajerumani mwaka 1905, yakiwa sehemu ya Vita vya Maji Maji (1905–1907). Ubena ya wakati huo leo imo katika Mkoa wa Njombe, ilipo miji na vijiji kama Makambako na Mahongole. Kiongozi mashuhuri wa mapambano hayo alikuwa mtawala Mbeyela.

Vita vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, chanzo kikiwa kodi, viboko na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Wajerumani walimnyonga mwezi Agosti, lakini dawa hiyo ya maji ilikuwa imekwisha kusambaa.

Mwezi Septemba, wapiganaji wa Mbeyela walishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe ya sasa. Mmisionari Paul Gröschel na wenzake walijihami kwa bunduki, shambulio likashindwa.

Gavana Gustav Adolf von Götzen alijibu uasi kwa kuchoma vijiji na kuharibu chakula. Njaa iliua wengi kuliko risasi: makadirio ya vifo katika vita vyote ni kati ya 75,000 na 300,000.