Miji mikongwe ya Sisilia, kisiwa kilichoijua Malindi tangu 1154

Mwaka wa 1154, katika jumba la mfalme mjini Palermo, mwanajiografia Mwislamu kwa jina al-Idrisi alimaliza kitabu na ramani ya dunia alivyoagizwa na Mfalme Roger wa Pili. Al-Idrisi hakuwahi kufika pwani yetu. Alikusanya habari kutoka kwa wasafiri na wafanyabiashara, na miongoni mwa miji aliyoitaja ni Malindi na Mombasa. Wakati huo Vasco da Gama hakuwa amezaliwa, na Fort Jesus ilikuwa bado zaidi ya miaka 400 kujengwa.

Wakazi wa Malindi wamewazoea Waitaliano, na vijana wengi wa mji huo huzungumza Kiitaliano bila kukanyaga Italia. Makala haya ni kwa yule anayefikiria safari ya upande wa pili, au anayetaka tu kujua kisiwa hicho kina nini.

Sisilia ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika bahari ya Mediterania. Kina zaidi ya kilomita mraba 25,000, takriban mara mbili ya Kaunti ya Kilifi, na watu karibu milioni 4.8. Kiko chini ya Italia lakini kina serikali yake ya jimbo, makao yake makuu yakiwa Palermo. Kwa kuwa kiko katikati ya Ulaya na Afrika, kila taifa lililotawala bahari hiyo lilipita hapo: Wafoinike, Wagiriki, Warumi, Waarabu, Wanormani, Wahispania. Kila mmoja aliacha jengo, chakula au neno.

Palermo

Mji huu ulianzishwa na Wafoinike karne ya 8 kabla ya Kristo. Waarabu kutoka Afrika Kaskazini waliuteka mwaka wa 831 na kuuita Balarm. Msafiri Ibn Hawqal alipoutembelea mwaka wa 973 aliandika kwamba una misikiti zaidi ya 300. Wanormani, Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, waliuchukua mwaka wa 1072, lakini hawakuwafukuza mafundi waliowakuta. Waliwaajiri.

Matokeo yake yanaonekana katika Cappella Palatina, kanisa dogo ndani ya jumba la kifalme, lililoanza kujengwa mwaka wa 1132. Kuta zimefunikwa picha za vijiwe vya rangi na dhahabu kwa mtindo wa Wagiriki wa Konstantinopoli, na dari ni ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi na mafundi Waislamu, ikiwa na maandishi ya Kiarabu. Katika lango la kusini la kanisa kuu la mji kuna nguzo iliyochongwa aya ya Qur'ani. Hakuna aliyeifuta kwa karne zote hizo.

Usikose jumba la Zisa. Jina lake linatokana na al-Aziza, neno lile lile tunalolisema tunapomwita mtu azizi. Lilijengwa karne ya 12 likielekea upepo wa bahari, na maji yalipitishwa ndani ili kupoza vyumba. Mtaa wa Kalsa nao umetokana na al-Khalisa, ambalo kwetu ni halisi. Katika mitaa iliyokuwa ya Wayahudi, vibao vya majina ya barabara vimeandikwa kwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu.

Ukichoka na majengo, ingia soko la Ballarò. Kelele za wauza samaki na harufu ya vyakula vya kukaanga zitakukumbusha Marikiti. Jaribu panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa vikatiwa ndani ya mkate. Mla bhajia hatapata shida kuvielewa.

Monreale na Cefalù

Monreale iko mlimani, kilomita chache tu kutoka Palermo. Kanisa lake kuu lina takriban mita mraba 6,000 za picha za vijiwe, na ua wake una nguzo 228 zilizopangwa mbili mbili. Cefalù ni mji wa wavuvi chini ya jabali kubwa, na kanisa lake lilianza kujengwa mwaka wa 1131. Mwaka wa 2015, UNESCO iliingiza majengo ya Palermo pamoja na makanisa haya mawili katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa sababu ya mchanganyiko huo wa Kiarabu, Kigiriki na Kinormani.

Siracusa

Upande wa mashariki kuna Siracusa, uliojengwa na Wagiriki kutoka Korintho karne ya 8 kabla ya Kristo. Hapa ndipo alipozaliwa Archimedes, mwanahesabu anayetajwa katika vitabu vya fizikia, na hapa ndipo alipouawa Warumi walipouteka mji mwaka wa 212 kabla ya Kristo.

Sehemu kongwe ni kisiwa kidogo cha Ortigia, kinachounganishwa na bara kwa madaraja. Kanisa kuu la hapo ni somo la historia peke yake. Lilikuwa hekalu la mungu wa kike Athena karne ya 5 kabla ya Kristo, likawa kanisa, likawa msikiti baada ya Waarabu kuingia mwaka wa 878, kisha likarudi kuwa kanisa. Nguzo za hekalu zimo ndani ya kuta mpaka leo, na unaweza kuzigusa. Karibu na bahari kuna chemchemi ya maji baridi iitwayo Aretusa, ambamo mafunjo huota hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Nje ya Ortigia kuna ukumbi wa michezo wa Kigiriki uliochongwa mwambani, ambako tamthilia za kale bado huchezwa kila mwaka kuanzia Mei.

Noto na Catania

Tarehe 11 Januari 1693 tetemeko kubwa liliangamiza kusini-mashariki mwa kisiwa na kuua watu wapatao 60,000. Mji wa Noto haukukarabatiwa. Wenyeji waliuhamisha na kujenga mpya kilomita kadhaa kutoka pale, wote kwa mawe ya rangi ya asali na kwa mtindo mmoja wa mapambo mengi. Noto na miji mingine saba ya eneo hilo, ikiwemo Ragusa na Modica, iko katika orodha ya UNESCO tangu 2002.

Catania, mji wa pili kwa ukubwa, uko chini ya volkano ya Etna. Majengo yake mengi yana mawe meusi ya volkano hiyo, na katikati ya uwanja mkuu kuna tembo wa jiwe jeusi ambaye ndiye nembo ya mji.

Kufika na kutembea

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji visa ya Schengen. Visa ya utalii haizidi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, na lazima uwe na bima ya safari inayofikia angalau yuro 30,000. Anza maombi mapema, na usilipie tiketi isiyorudishwa kabla visa haijatoka.

Viwanja vikuu vya ndege ni Palermo na Catania, na kwa kawaida utabadilisha ndege katika mji mwingine, kwa mfano Roma. Ukipenda nchi kavu, treni kutoka Roma hufika mpaka ukingoni mwa bahari, kisha mabehewa hupakiwa ndani ya feri na kuvushwa hadi Messina. Mkazi wa Likoni ataona mambo.

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti joto ni kali mno. Agosti 2021, karibu na Siracusa, kilipimwa kiwango cha selisiasi 48.8, rekodi ya Ulaya nzima. Ndani ya makanisa funika mabega na magoti, mwanamume au mwanamke. Maduka mengi madogo hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, kwa hivyo panga siku yako.

Somo kwetu

Usidhani miji hii ilidumu kwa bahati. Palermo nusura ipotee. Mabomu ya mwaka wa 1943 yalibomoa sehemu kubwa ya mji wa kale. Baada ya vita, badala ya kuutengeneza, wanasiasa na makandarasi waliohusishwa na mafia walipeana vibali vya kujenga magorofa nje ya mji. Majumba mazuri yalivunjwa, maskini wakaachwa katika magofu. Ukumbi mkuu wa muziki, Teatro Massimo, ulifungwa mwaka wa 1974 na haukufunguliwa hadi 1997. Mabadiliko yalikuja baada ya majaji Giovanni Falcone na Paolo Borsellino kuuawa mwaka wa 1992 na wananchi kujitokeza barabarani wakisema basi. Uwanja wa ndege wa Palermo una majina yao.

Noto nayo ina onyo lake. Tarehe 13 Machi 1996 kuba la kanisa kuu lilianguka, baada ya nguzo dhaifu kubaki na athari za tetemeko la 1990. Lilirejeshwa mwaka wa 2007. Sisi pia tuliona Beit al-Ajaib ya Zanzibar ikiporomoka upande mmoja Desemba 2020. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jengo la kale haujengwi kwa bei ya leo.

Lamu iko katika orodha ya UNESCO tangu 2001 na Fort Jesus tangu 2011. Orodha peke yake haizuii ghorofa la saruji kuota pembeni ya nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, wala haimsaidii mrithi asiye na pesa za kutengeneza dari ya boriti. Na hata utalii una bei yake: huko Ortigia nyumba nyingi sasa hukodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, na wenyeji wanalalamikia kodi.

Kwa hivyo ukibahatika kufika Sisilia, piga picha zako, lakini pia uliza ni nani anaishi katika zile nyumba, nani analipia ukarabati, na nani hutoa kibali cha kujenga. Ukirudi, waulize viongozi wako maswali hayo hayo kuhusu Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Malindi.