Dari Kwanza

Masika yaliyopita nilimkuta bibi yangu amekaa kitandani, mabeseni manne yamepangwa sakafuni kumzunguka. Aliyajua matone yake kwa sauti. La karibu na dirisha lilianza mapema, mvua ikiwa bado nyepesi, na la kwenye kona ya kabati lilisubiri mpaka ichanganye. Usiku akisikia la kabatini, anaamka kumwaga maji.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, dari imebebwa na boriti za mikoko, na juu yake kuna chokaa iliyoshindiliwa enzi za babu wa babu yangu. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na fundi wa zamani hakubishana nayo. Warithi wa nyumba ni 11. Wengine wako Muscat na Dubai, mmoja yuko Toronto, waliobaki tupo hapa. Bibi ndiye anayelala ndani.

Siku hiyo alikuwa ametoka kupokea Pensheni Jamii, shilingi 50,000. Alizihesabu mbele yangu: za dawa ya presha, za mchele, za kumpa mtoto wa jirani anayemnunulia gesi. Nikamuuliza, "Bibi, na dari je?" Akacheka. "Mwanangu, hizi za mzee. Dari hajaandikishwa."

Nilicheka naye, lakini neno lile lilibaki nami. Serikali inamjua bibi yangu kwa jina, kwa kitambulisho na kwa umri, na inamlipa kila mwezi. Ipo pia mamlaka ya serikali inayoijua nyumba yake, maana imo ndani ya eneo la urithi wa dunia. Hakuna daftari ambamo bibi na dari yake wameandikwa pamoja. Nilipoanza kusoma historia ya mji huu, nikagundua kwamba zamani daftari kama hilo lilikuwapo.

Liliitwa wakf. Katika karne ya 19, mtu mwenye nyumba, shamba au duka angeweza kuifunga mali yake isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, na mapato yake yaende kwa waliotajwa: msikiti, jamaa, maskini, au watumwa aliowaacha huru pamoja na vizazi vyao. Wanawake wenye mali walikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Tunapoitaja wakf leo, akili hukimbilia msikitini, lakini wakf nyingi zilikuwa nyumba za watu kukaa, na miongoni mwa waliokaa humo walikuwamo wazee wasio na mtoto wa kuwaangalia.

Kilichonishangaza zaidi ni kanuni moja ya fedha. Mafakihi wanasema kwamba mapato ya wakf hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe. Mnufaika hupata kinachobaki, na ndivyo ilivyo hata kama mwekaji wakf hakutaja matengenezo kabisa. Msimamizi anayegawa kodi ya duka kwa wanufaika huku dari ikivuja amevunja amana. Mtu anaweza kuiona kanuni hii kavu: ajuza ana njaa, nawe unanunua chokaa? Lakini waliotunga kanuni hiyo walijua nyumba inavyokufa. Chokaa ikipasuka, maji hufika kwenye boriti. Boriti ikioza, dari hushuka, na dari ikishuka hakuna duka la kukodisha, hakuna kodi, wala chumba cha ajuza. Aliyemtanguliza mzee kuliko dari atawakosa wote wawili.

Ukitaka kujua uzito wa paa katika mji huu, soma dekrii ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar. Haikumwachia mtu huru bila masharti. Aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Kijana mwenye nguvu angeweza kwenda kuchuma karafuu au kubeba mizigo bandarini. Je, mzee aliyetumikishwa miaka 50? Uhuru wake ulitegemea chumba. Wengi waliamua kubaki palepale walipokuwa, kwenye kibanda cha bwana wa zamani au nyumba ya wakf, kwa sababu sheria iliyowafungua haikuwa na bajeti ya kuwaweka popote.

Mwaka 1905 utawala wa Kiingereza ukaunda Kamisheni ya Wakf. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli kwa sehemu: wako wasimamizi waliokula mali na wakf zilizobaki bila mwenyewe. Lakini ofisi ilipoingia kati, jambo lililokuwa la mtaa mmoja likawa la mafaili. Aliyevujiwa alikuwa akimfuata msimamizi aliyemjua, baada ya swala ya alasiri. Sasa alipeleka ombi kwa karani. Ng'ambo nako, watu walikuwa wamejenga vibanda juu ya ardhi ya wenye mali, baadhi yake wakf, na kwa miaka mingi hawakudaiwa kitu au walidaiwa kidogo. Kodi ya ardhi ilipopanda katika miaka ya 1920, wakazi walichoka, na mwaka 1928 wakagoma kulipa. Ugomvi wao ulikuwa ni nani hasa mwenye ardhi iliyo chini ya kibanda cha maskini.

Wazee waliobaki bila kibanda walipelekwa Welezo, nje kidogo ya mji, kwenye makazi ya maskini yaliyoendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki kwa msaada wa fedha za serikali. Hapa ndipo ninapoona mkato wa kwanza. Mzee akawa na fungu lake katika bajeti, na nyumba aliyotoka haikuwamo tena katika hesabu hiyo. Alihudumiwa mahali pengine, mbali na alipoishi.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalikuja na ahadi ya kuufuta utaratibu mzima wa kumwomba tajiri. Ardhi ikawa mali ya serikali. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizoachwa au kutaifishwa zikagawanywa vyumba, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikaingia. Wazee wakajengewa nyumba Sebleni, na Welezo ikawa chini ya serikali. Siwezi kulidharau jambo hilo. Mtu ambaye jana alifagia ngazi za jumba, leo alikuwa na ufunguo wake. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, na mpaka anafariki hakukubali mtu amwambie kwamba yale yalikuwa makosa.

Lakini kodi ziliwekwa chini mno, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kupanda juu ya dari. Zamani dari ya chokaa ilihitaji watu wengi: waliipiga kwa magongo kwa siku kadhaa, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka ikawa ngumu isiyopitisha maji. Sasa waliokuwapo walibandika mabati, au saruji, ambayo huzuia ukuta wa matumbawe usipumue na kuufungia unyevu ndani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba kadhaa zilikuwa zimeanguka, na nyingine baadaye ziliuzwa kwa waliokuwa wakikaa humo, dari mbovu ikiwa sehemu ya mauziano.

Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu hapo, kila mlango na kila baraza ni urithi. Sheria zinasema ujenge kwa chokaa, uache boriti, usibadili dirisha. Ni sheria nzuri; bila hizo pengine kusingekuwa na cha kuhifadhi. Ila kutengeneza kwa chokaa na boriti ni kazi ya fundi anayejua na fedha zinazotosha. Mwenye hoteli anazo. Ajuza hana, na akibandika bati amevunja sheria. Siku ya Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Tulisimama Forodhani tukitazama vumbi. Bibi aliposikia aliuliza tu, "Na ile ilikuwa na wafadhili?"

Kabla ya hapo ilikuwa imekuja Aprili 2016. Zanzibar ikaanza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za bajeti yake yenyewe, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Katika eneo letu la dunia hilo ni jambo kubwa. Mama lishe, mvuvi na mkulima wa mwani, ambao hakuna mfuko uliowahi kuwaandika, wakaanza kupanga foleni moja na mwalimu mstaafu. Bibi hupenda kusema kwamba ni mshahara wake wa kwanza, na kaupata akiwa mzee.

Basi tuna pensheni ya mtu na sheria ya jengo, kila moja ni hatua ya kweli, na katikati ya hizo mbili kuna mabeseni manne.

Mwezi ule binamu wa Muscat aliandika kwenye kundi la familia kwamba yupo mnunuzi. Alikuwa na hoja: nyumba inaoza, warithi 11 hawatakubaliana kamwe, na bibi atapangiwa chumba kizuri Mombasa Road chenye choo cha ndani. Nilikaa na ile simu muda mrefu. Kisha nikaandika kanuni ya wakf, kama ilivyo, bila kuipamba. Chumba cha chini kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Tukikodishe kwa duka, nikasema, na kodi isigawanywe kwa mrithi yeyote, mimi nikiwemo, mpaka dari itengenezwe. Baada ya dari, bibi. Baada ya bibi, sisi.

Walikubali wanane. Wawili hawajajibu mpaka leo, na binamu wa Muscat alisema anasubiri mwaka mmoja aone. Kodi ya miezi sita ya kwanza ilinunua chokaa na boriti saba, na ikamlipa fundi mzee ambaye alikataa kuigusa kazi mpaka chokaa ilowe wiki kadhaa. Ametengeneza upande wa dirishani. Kona ya kabati bado.

Vuli ilipoanza nilipanda ngazi nikakuta beseni moja tu. Bibi alikuwa macho, analisikiliza.