Mwalimu wa sayansi: A0, A1 ao D6, maana yake nini?

Huku kwetu Congo, kiwango cha mwalimu wa sekondari kinajulikana kwa herufi na namba. D6 ni mwenye diploma ya Serikali, yaani alimaliza umanite. A1 aliongeza miaka 3 ya gradua, mara nyingi kwenye ISP, chuo kinachotayarisha walimu. A0 aliongeza tena 2, akapata lisanse. Ndiye anayetakiwa kwa madarasa ya juu. (Kwa mfumo mpya wa LMD, lisanse ni miaka 3.)

Lakini herufi haisemi alisoma nini. Kwenye ISP, biolojia na kemia ziko pamoja, fizika iko upande mwingine. Mwalimu wa Biolojia-Kemia akipewa saa za fizika sababu hakuna mwingine, anaweza kuwa A0 na bado anaogopa somo la umeme. Wanafunzi wanamjua haraka: anaandika tu rezime ubaoni, na swali likitoka nyuma ya darasa, jibu ni "tutaliona kesho". Kesho hiyo haifiki. Egzeta yenyewe inafika, na maswali ya fizika ndani.

Mzazi akienda kumuona prefe, asiulize herufi peke yake. Aulize pia: alisoma idara gani, na saa za fizika ni nani anazifundisha?