Sura ya Legendre: Jina la Ukoo kama Ushahidi wa Picha

Hadi mwaka 2005, vitabu vya historia ya hisabati viliendelea kumtambulisha Adrien-Marie Legendre (1752–1833) kwa picha isiyo yake. Picha hiyo ni chapa ya jiwe iliyotolewa na François-Séraphin Delpech wa Paris, na chini yake pana jina moja tu: Legendre. Mwenye sura hiyo ni Louis Legendre, muuza nyama aliyekuwa mjumbe wa bunge la Mapinduzi ya Ufaransa na kuunga mkono hukumu ya kifo kwa Mfalme Louis wa 16. Naye alizaliwa mwaka 1752. Kwa hiyo mavazi na mtindo wa nywele havikuweza kumshtua msomaji.  Chapa yenyewe ilibeba jina la ukoo pekee. Waandishi wakanakiliana, na wingi wa nakala ukahesabiwa kuwa wingi wa mashahidi, ilhali shahidi alikuwa mmoja, tena hakuhojiwa.

Peter Duren alilifafanua kosa hili mwaka 2009. Sura pekee ya mwanahisabati huyo inayojulikana ni kikaragosi cha rangi za maji cha Julien-Léopold Boilly, cha mwaka 1820, kinachomwonesha pamoja na Joseph Fourier. Kikaragosi hutia chumvi kwa makusudi. Hata hivyo, kwa maoni yetu, dhihaka iliyochorwa wakati mhusika yu hai ina uzito kuliko picha nadhifu ya mtu mwingine.